Kopo la Vifungo la Janefer

Haya yalimpata rafiki yangu Nyaberi, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja upande wa Kericho. Alinisimulia bila kupandisha sauti.

Aliwapa wanafunzi zoezi la kuandika programu ya simu inayotumia GPS kumwongoza mtu, kwa mlio unaozidi kasi akikaribia, hadi kwenye makopo aliyoficha karibu na chuo na kuwapa latitudo na longitudo zake. Alipopungukiwa na kopo moja, alichukua la vifungo vya nguo la marehemu mkewe, Janefer, bila kufikiri. Tangu mazishi alifanya mengi hivyo. Vitu vingine vya Janefer ndugu walikuwa wameshagawana kule Kisii.

Jioni ilifika na hilo tu halijapatikana. Ukungu ulikuwa umeshuka, naye hakukumbuka alikoliweka. Akaingia kwenye shamba la chai akifuata programu ya mwanafunzi wake Fancy. Mlio ulianza polepole, kisha ukashika kasi.

"Mwalimu, rudi!" Fancy aliita kutoka barabarani. "Tulisahau alama ya kutoa kwenye latitudo! Sisi tuko kusini mwa ikweta, lakini hiyo programu inadhani kopo liko kaskazini, huko Nandi!"

"Si ungetupeleka Eldoret kabisa tukanywe maziwa ya mursik," mwanafunzi mwenzake Kiptanui akamcheka.

Nyaberi akatazama simu. Ilionyesha mita moja, na mlio haukukatika tena. Akainama, akapenyeza mkono chini ya michai. Maji baridi yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko.

Kopo lilikuwa hapo. Lilikuwa kavu, na lilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi.