Sahani ya Pili

Tangu mumewe Harry afariki, Orysia aliandaa sahani mbili kila jioni. Moja ilibaki tupu. Siku moja alimwandikia barua pepe dada yake Nadia, anayeishi shambani mwendo wa saa nzima: "Upweke unanimaliza. Mpaka leo namwekea Harry sahani."

Sasa, huku kwetu jimboni Saskatchewan mtu na mkewe hutumia anwani moja ya barua pepe. Stefan, mume wa Nadia, ndiye aliyeisoma. Jumamosi akaja mkahawani kunywa kahawa na wazee wenzake, kama kawaida.

"Shemeji anakula na marehemu!" akatangaza. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilikuwepo. Niliona aibu kwa niaba yao.

Habari zikamfikia Orysia, akajifungia nyumbani wiki sita. Hakuja hata maktabani ninakofanya kazi, basi nikamfuata.

"Siandiki tena, Lorna," alisema. "Na kwenye simu Stefan yuko kando, masikio wima. Ningempa Nadia neno la siri la kufungulia barua, lakini nilitume kwa njia gani? Si atalisoma?"

"Usitume siri yoyote. Nadia ana simu yake?"

"Anayo, na ameifunga kwa namba yake ya siri."

"Basi simu itamtengenezea funguo mbili za tarakimu. Mmoja ni wa kufungia ujumbe tu. Huo atakutumia, hata Stefan auone. Wa pili ndio wa kufungulia. Huo hautoki kwenye simu yake."

"Stefan akiuchukua wa kufungia?"

"Afunge ujumbe wake! Wako hataufungua. Hata wewe ukishaufunga, huwezi."

"Na akinitumia ufunguo wake, akajifanya Nadia?"

Huyu mama si mjinga.

"Mpigie Nadia. Someaneni tarakimu za ufunguo. Zikilingana, ni wake."

"Stefan atasikia."

"Asikie. Hazina siri."

Walisomeana, zikalingana. Orysia naye akatengeneza funguo zake, akampelekea Nadia wa kufungia, wakasomeana tarakimu zake vilevile. Kisha akaandika, akafunga, akatuma kwenye anwani ileile.

Jumamosi Stefan alilalamika mkahawani, "Kompyuta ya shemeji imeharibika. Herufi ovyo, kama kuku kakanyaga!" Nilikunywa kahawa yangu.

Jibu la Nadia lilikuja limefungwa. Orysia alilifungua, akasoma, akalia. Lilisema nini? Sijui, na sikuuliza.

Jumapili nilipita kwake. Nadia alikuwa amekuja na kuondoka. Kwenye beseni kulikuwa na sahani mbili, zote chafu.

Nikarudi kwangu, kwenye sahani yangu moja.