Mwanamke Aliyeomba Moto

Nyumba ya tatu Kakese iliungua saa saba mchana, mvua ikinyesha.

Kija, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, hilo la mvua hakuhangaika nalo. Mchawi alishampata: Katarina, mjane, macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini jikoni. Jumapili baada ya misa angefukuzwa, na wanaofukuzwa hivyo huokotwa porini wakiwa maiti.

Selestine, mjukuu wa Katarina, alikuwa na degree ya mazingira na miaka minne ya "tutakupigia". Akaomba siku tatu achunguze. Kija alimuuliza mbele ya watu, msomi aliyeshindwa kupata kazi atampataje mchoma nyumba? Watu wakacheka, wale wale wanaowaambia watoto waheshimu elimu. Akampa siku hizo kwa dharau tu.

Selestine alipekua majivu. Hakukuta petroli, kiberiti wala waya. Kila moto ulianzia juu, ndani ya nyasi za paa, na kila mahali palinuka nywele zilizoungua. Akawahoji wenye nyumba mmoja mmoja, na wote waliteremsha sauti walipofika pale pale: saa moja kabla ya moto alikuja mwanamke mgeni, kigae mkononi, akaomba kaa la moto. Wakampa. Kakese nani humnyima mtu moto?

"Alikanyaga majivu ya jikoni kwangu," Christina, mmoja wao, alinong'ona, "nyayo hazikubaki."

Three out of three. Pattern hiyo hata Kija aliielewa. Jumamosi asubuhi sungusungu wakapita kutangaza: asipewe mtu moto.

Adhuhuri Selestine na Kija walikuwa wamejibanza nyuma ya ghala la Kija walipomwona yule mwanamke anakuja, jua liko utosini, mbwa wakilala chini mmoja baada ya mwingine na kujikojolea, ile harufu ya nywele ikimtangulia mpaka ikawakaa mdomoni, akasimama mlangoni akaomba kwa upole kama mfiwa, na mke wa Kija akajibu hana, hana, hana, mpaka yule akageuka akapotelea kwenye mihogo.

Kija alijifuta jasho. "Bibi yako abaki. Nitawaambia mwenyewe."

Selestine alikimbia nyumbani na habari hiyo. Alimkuta bibi uani, anapepeta mchele, anatabasamu. Amepata mgeni, alisema. Kampa moto kidogo.

"Bibi, si walipita kutangaza?"

"Nani apite hapa? Uwanja wangu hawaukanyagi."

Ni kweli. Na Selestine, msomi mzima, hakumwambia, eti asimtishe.

"Mwezi mzima hakuna aliyeniomba hata chumvi," bibi alisema. "Huyu wa kwanza nimnyime?"

"Kaelekea wapi?"

"Yumo ndani. Nimemwambia asiondoke hivi hivi, ale kwanza."

Ndani kijiko kilikwangua sufuria, taratibu. Juu yake nyasi za paa zikaanza kupasuka kwa moto.