Utoshe Mukono

Hakimu alikuwa fundi wa gitaa na spika pale Kamembe, upande wa Rwanda, kibaraza kimoja na shangazi yake Nasiba aliyekuwa akishona nguo, na kama dharau ingekuwa mafuta ya taa basi mtaa mzima usingelala gizani. Alikuwa amekaa miaka sita Dar es Salaam akitengeneza vyombo vya bendi. Alirudi nyumbani na sanduku la vifaa, kalamu mbili mfukoni na Kiswahili cha redioni, na tangu siku aliyoshuka kwenye gari hapakuwa na mtu aliyemfaa. Wapiga gitaa wa makanisani aliwaita wakamua mbuzi. Mafundi wenzake aliwaita wauza kutu. Na wale waliovuka mto Rusizi kutoka Bukavu, wamebeba magodoro na watoto kwa sababu ya vita, hao aliwacheka wakifungua kinywa tu.

"Batoto!" alikuwa akisema. "Hao watoto wamewakosea nini hata muwabandike hiyo ba?"

Shangazi Nasiba, ambaye maisha yake yote alisema batoto na hakuona walichopungukiwa, aliinamia cherehani yake na kuendelea kushona.

Lakini tumpe haki yake. Mkono wake wa kulia ulijua kazi. Uliweza kufungua skrubu iliyokufa miaka kumi bila kuivunja kichwa, na kuunga waya mwembamba kuliko unywele. Mwenyewe aliuinua mbele ya wateja na kuugeuzageuza. "Wenzangu wana migomba Gashonga," alisema. "Mimi shamba langu ni hili hapa." Na ilikuwa kweli, maana nje ya mkono ule hakuwa na mke, kiwanja wala rafiki wa kumkopesha chumvi.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka 2000, vumbi likiwa limejaa barabarani na watu wakitoka sokoni na sambaza wao, vile vidagaa vya ziwani, mwanamke mmoja alisimama mbele ya kibaraza akiwa na gunia. Aliitwa Nzigire, mtu wa Bukavu, mjane, aliyekuwa akiuza vitenge karibu na hapo. Ndani ya gunia mlikuwa na gitaa la umeme, jekundu, zuri kuliko yote yaliyowahi kufika pale. Lilikuwa na mkono: ile fimbo ya chuma iliyopinda, inayokazwa kwenye daraja, kile chuma kinachozishika nyuzi. Mpigaji akiubonyeza, nyuzi zote zinalegea kwa pamoja na sauti inashuka ikilia. Akiuachia, sauti inarudi ilipokuwa.

"Papa fundi," Nzigire alisema, "minaomba unitoshee hii mukono. Inavutaka."

Sasa, hakuna mtu Kamembe asiyejua kwamba kwa watu wa Bukavu kutosha ni kutoa. Hakimu naye alijua, si amezaliwa pale pale. Lakini kule Dar alikokaa, kutosha ni kuenea, kama kiatu kinavyomtosha mtu, na asubuhi hiyo alijisikia kuwa mwalimu.

"Mkono utoshe?" aliuliza, akimkonyeza shangazi yake. "Mbona umetosha, Mama. Huoni umeingia wote?"

"Hapana, Papa. Uitoshe. Itoke. Miye inanishindaka." Aliishusha sauti. "Bwana yangu Gratien, bavuvi ba kisiwa ya Nkombo balimuokotaka mu maji mwaka jana. Balimuleta bila..."

"Mama, gitaa haliulizi nani kafa." Hakimu alikwisha kulilaza mezani. "Mkono unavuta kwa sababu springi za nyuma zimezidi nguvu. Kitu kama hiki hakitolewi, kinarekebishwa. Kung'oa ni kazi ya wajinga."

Nzigire alilikunja gunia lake tupu. "Jumamosi tuko namaliza matanga," alisema. "Mukono tu ndiyo minataka. Gitare unaweza baki nayo."

Hakimu alimwambia aje kesho, na alipogeuka tu akaangua kicheko. Mtu anaacha gitaa, anataka chuma! Hao ndio watu aliorudi kuishi nao.

"Alisema uitoe," shangazi yake alinong'ona.

"Nilimsikia, Shangazi. Hajui anachotaka."

Aliianza kazi baada ya sala ya adhuhuri. Aliligeuza gitaa kifudifudi, akafungua kifuniko cha plastiki kule mgongoni. Ndani ya kishimo, kisichozidi pakiti ya sigara kwa upana, mlikuwa na springi tatu zilizolivuta daraja upande mmoja, huku nyuzi zikilivuta upande wa pili. Kazi yote ya mkono ni hiyo, mivutano miwili ilingane. Springi zikizidi, sauti inapanda juu na mkono haurudi sawasawa. Dawa yake mtoto wa shule angeifanya. Unalegeza skrubu mbili zinazoshika springi, robo mzunguko, unasikiliza, robo nyingine, unasikiliza. Alisugua pia risasi ya penseli kwenye vijia vya nyuzi pale juu ya shingo, ili zisikwame zikirudi. Alifanya yote haya akipiga mluzi.

Alilegeza robo. Sauti haikushuka.

Alilegeza robo nyingine, kisha mzunguko mzima, kisha mizunguko mitatu. Nyuzi zilibaki pale pale. Alilitukana gitaa, akawatukana Wabelgiji ambao labda hawakuhusika, akalegeza hadi skrubu zikabaki zinacheza mbaoni. Hakuna kilichobadilika. "Kutu," alisema kwa nguvu, ili shangazi yake asikie. Akaingiza koleo na kuichomoa springi ya kwanza. Akaichomoa ya pili. Ya tatu iliruka ikaanguka chini ya cherehani.

Hapo mluzi ulikoma.

Gitaa la namna ile lisipokuwa na springi, nyuzi huling'oa daraja likasimama wima na zenyewe zikalegea chini kama kamba ya kuanikia nguo. Haiwezekani vinginevyo. Hata mkamua mbuzi anajua. Lakini daraja lilikuwa limelala sawa. Hakimu alizipiga nyuzi zote sita, na zote sita zilikuwa katika sauti, safi kuliko gitaa lolote alilowahi kulipanga kwa mkono wake.

Maana yake ni moja. Kuna kitu kilikuwa kinavuta kwa nyuma.

Aliinamia kishimo. Mlikuwa na mbao tupu na vumbi.

Alibonyeza mkono wa chuma. Ukashuka. Aliuachia, ukarudi polepole. Alibonyeza tena, ukarudi polepole zaidi. Alipouondolea vidole mara ya tatu ulishuka wenyewe. Uzi mnene uliguna ukishuka. Ukapanda. Ukashuka.

Cherehani ilinyamaza.

"Endelea kushona, Shangazi," Hakimu alisema.

Nasiba hakuendelea. Alisogea na kiti chake hadi mdomo wake ukawa karibu na sikio la kijana. "Ile bwana balimuzika bila mukono ya kuume," alinong'ona. "Iko bantu bote banajua. Huyu mama anataka hii chuma aizike fasi ya mukono. Itoshe, mwanangu. Itoshe sasa hivi."

Na angeweza. Ilikuwa kuuzungusha tu mara chache, utoke, uvikwe gazeti, usubiri mwenyewe. Mimi nikifika hapa hunijia hasira, maana kilichomshinda si mzimu, ni kuona aibu mbele ya mwanamke mzee mwenye utepe wa kupimia shingoni. Fundi wa Dar afanye alichoambiwa na muuza vitenge? Na kwa Kiswahili kile?

"Kuna kitu kimebana ndani," alisema. "Nakiona."

Hakuona kitu. Aliingiza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye kishimo.

Mtu akampa mkono.

Ulikuwa wa baridi, na majimaji. Ulimshika kwa adabu, anavyoshikwa mgeni. Kisha ukavuta. Vidole vyote vitano viliingia. Kishimo cha vidole vitatu. Kiganja kikaingia. Hakimu hakupiga kelele, maana hata hapo alikuwa akiwaza nani anapita barabarani. Kifundo kikaingia. Gitaa lilikuwa na unene wa kitabu cha dini, na mkono wake ulikuwa umezama mle hadi karibu na kiwiko, na haukugusa mwisho.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo.

Nasiba alimkumbatia kiunoni akavuta huku anasoma dua. Wakaanguka pamoja. Hapo nyuzi zote zikalegea kwa mkupuo mmoja na daraja likasimama wima, kama ilivyopasa kuwa tangu mwanzo.

Mkono ulikuwa mzima. Vidole vitano, ngozi yake, joto lake la kawaida.

"Umeona?" Hakimu alicheka, jasho likimtiririka. "Kutu tu." Akachukua bisibisi. Ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka. Mara ya tatu alivitazama vidole vikiiachia kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayekataa kitu bila kugombana.

Ijumaa Nzigire alikuja. Alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kwa chini, salamu ya watu waliolelewa. Mkono wa Hakimu ulimtangulia mwenyewe. Uliufunika wake, na kidole cha shahada kikamgonga kiganjani kwa ndani, mara mbili, kikatulia, mara moja.

Uso wa Nzigire ulipauka.

"Gratien," alisema.

Hakimu alitaka kumwambia kwamba yeye si Gratien. Alitaka kuuondoa mkono. Haukutoka. Ulikuwa ukimshika mwanamke yule kwa upole ambao yeye hajawahi kuwa nao kwa mtu, na machozi ya Nzigire yakaudondokea. Ilibidi Nasiba avibandue vidole kimoja baada ya kingine.

"Nilikuambia utoshe," Nzigire alisema. Hakuwa na hasira. Aliinama juu ya gitaa, akaizungusha fimbo ya chuma mara mbili tu, ikatoka. Akaifunga kwenye kitenge na kwenda zake. Gitaa aliliacha mezani.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Hakimu alikuwa amekaa kibarazani, mkono umelala pajani, jua linauwakia. Ghafla alihisi udongo. Mwanzo kidogo, kati ya vidole. Kisha mzito, juu ya kiganja, na watu wanaukanyaga. Alitazama paja lake. Mkono ulikuwa mkavu na msafi.

"Shangazi," alinong'ona. "Wananifukia."

Nasiba alilishika tonge lile la vidole akalisugua, akalipulizia. Halikuhisi kitu. Alichokihisi Hakimu kilikuwa kwingine, ng'ambo ya mto, chini ya ardhi.

Hadi leo mkono ule haushiki bisibisi. Sanduku la vifaa limeuzwa. Gitaa jekundu bado lipo, na jioni nyingine mkono huliendea wenyewe na kupiga zile rumba za baa za Bukavu alizokuwa akiziita muziki wa walevi, na watu wa mtaani husimama kusikiliza na kumsifu. Yeye hukaa nyuma yake akingoja umalize. Mtu akisema batoto mbele yake, hainui hata macho.

Shangazi Nasiba ndiye anayemkata kucha, kila Ijumaa, kwa mkasi wake wa kukatia kitambaa. Hukata za kushoto tu. Za kulia hazijaota tangu mwezi ule wa saba. Yeye huzichokoa kwa sindano, azitoe udongo mweusi ulio chini yake, na Ijumaa inayofuata huukuta tena.