Diski ya Bi Ester

Diski ya maktaba ilikuwa imetoweka, na kompyuta iliyochomolewa diski hiyo ilikuwa ikinguruma kama kawaida.

Inspekta Zuleha alikagua chumba cha mitambo cha redio ndogo ya Bigwa. Mlango haukuvunjwa. Tangu alfajiri redio ilikuwa hewani, na hakuna msikilizaji aliyegundua lolote.

Ndani ya diski ile mlikuwa na ngoma za Waluguru, salamu za miaka mingi, na sauti ya marehemu Bi Ester, mtangazaji aliyezisoma. Utotoni Zuleha alipalilia mchicha na mama yake pale chini ya mlima, redio imetundikwa kwenye mgomba. Bi Ester akianza kutaja majina, mama aliweka jembe chini kabisa.

"Ukiondoa diski, redio inaendelea?" alimuuliza Shakila, fundi wa zamu.

"Haiwezi, afande. Kompyuta ikiwashwa, huduma zinaamka kwa mpangilio. Inaanza diski ya maktaba, ndipo programu ya matangazo. Diski isipoonekana, programu haiamki."

"Mbona leo imeamka?"

Shakila aliinamia skrini. "Mpangilio umebadilishwa. Programu imeambiwa isiisubiri maktaba. Na wakati wa kuzima, aliyeingia amesimamisha matangazo kwanza, diski mwisho. Hajaharibu faili hata moja."

"Nani anaujua mpangilio huu?"

"Aliyeuandika. Mzee Ignas, mume wa Bi Ester. Alistaafu mwaka jana."

Zuleha alimgeukia Rogers, meneja. "Maktaba mlikuwa na mpango nayo gani?"

"Ifutwe Ijumaa. Tunahitaji nafasi ya matangazo ya biashara."

"Mzee Ignas alijua?"

"Alikuja kuomba nakala. Nikamwambia ni mali ya redio."

Nyumba ya Mzee Ignas ilikuwa juu kidogo, njia ya mlimani. Kabla hajabisha hodi, Zuleha alisikia sauti ya Bi Ester ikiwasalimu watu wa Mgeta. Alisikiliza kidogo, kisha akabisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo wangu wa zamani. Hawakubadilisha kitasa."

"Kwa nini ulibadilisha mpangilio?"

"Watu wa huku juu wanaamka na redio ile. Kosa ni langu, kwa nini wao wakae kimya?"

"Na diski?"

Mzee alitazama spika. "Tulikuwa pamoja kila siku. Nani angekumbuka kumrekodi nyumbani? Sauti yake iko humo tu, na Ijumaa wangeifuta."

Zuleha alimwacha Bi Ester amalize salamu. Kisha mzee akaizima kompyuta yake, naye Zuleha akaitia diski kwenye bahasha ya vielelezo na kuifunga kwa lakiri.

"Twende kituoni ukaandike maelezo, mzee. Hiki sasa ni kielelezo. Mpaka kesi iishe, hakuna anayeruhusiwa kukifuta, na mimi nitaomba kitolewe nakala."

Mzee Ignas alivaa koti taratibu. "Kesi kama hizi huchukua muda gani?"

"Mrefu," alisema Zuleha, akimshika mkono kwenye ngazi. "Huwa mrefu sana, mzee."