Blauzi ya Bega la Kushoto

Bi Fundi alikuwa anamenya viazi asubuhi, hana hili wala lile, alipoona gauni limekatwa juu ya meza ya marehemu mumewe. Miaka thelathini na minane wawili hao walishonea chumba kimoja, mume akikata, mke akiunga. Sasa mume ana miezi mitano kaburini.

Hakushtuka sana. Daktari alishamwambia majonzi humsahaulisha mtu, akampa vidonge vya usingizi. Binti yake naye kwenye simu alishaanza habari za kumhamisha. Basi akajiambia, nimekata mwenyewe nikasahau, uzee huo. Akaketi, akaliunga, maana fundi haachi kazi iliyokwisha katwa.

Alipolitundika ndipo macho yakamtoka. Kiuno kipana, mikono mifupi: vipimo vya mwalimu mstaafu aliyekuja juzi kumjulia hali. Wiki haikuisha, mwalimu akafa.

Mwezi uliofuata ikawa suruali, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Muuza mkaa huyo, aliyekuwa akipita kila Jumamosi kupiga soga. Naye akaenda. Watu si wajinga, jamani. Walinong'onezana kwamba anayeingia kwa yule mama ameshaaga kwake, wakaanza kupita ng'ambo ya barabara.

Akabaki na shoga yake mmoja tu, mjane mwenzake. Alikuja kila siku saa kumi, wakakaa kuucheka uzee wao. Bi Fundi hakuwa na mwingine, na alimpenda mno.

Jumanne moja mezani palikuwa na blauzi. Bega la kushoto limeshuka vidole viwili. Mtaa mzima hauna bega la hivyo ila la shoga yake. Hakuiunga. Aliichoma jikoni mpaka ikawa jivu.

Kesho yake ilikuwapo tena. Imekatwa upya.

Saa kumi, hodi. Akasukuma komeo.

"Nifungulie, shoga yangu," sauti ikanong'ona mlangoni. "Hata kama wanayosema ni kweli, nifungulie. Mimi nyumbani nina nani?"

Bi Fundi aliuma upande wa kanga. Machozi yalimtoka. Kisha akasema, "Nenda. Sikutaki tena."

Halafu kandambili zikaondoka, polepole. Alipogeuka, blauzi haikuwapo mezani.

Shoga yu hai mpaka leo. Hakurudi, na Bi Fundi hakumwita.

Jioni ile alitandika kitambaa chake kizuri kuliko vyote. "Basi nikatie mimi, mume wangu," akaomba. Asubuhi kitambaa kizima. Akatandika tena. Kizima. Chakula hali. Usingizi halali. Vidonge havigusi.

Binti alipokuja na gari kumchukua, alimkuta mama yake amesimama wima kando ya meza, mikono ameitanua, anangoja kupimwa. Alimwita mara tatu, hakuitika. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri. Juu yake, kwa chaki iliyochorwa punde tu, kwa mwandiko ambao binti aliujua tangu utoto, baba yake alikuwa ameandika: Bado.