Karanga Changa za Bibi Tening

"Karanga mimi naijua kabla yenyewe haijajijua," alisema Bibi Tening. Akachagua ganda moja nono, akalitikisa sikioni, akalivunja. Ndani hamkuwa na kitu.

"Hilo nilijua ni tupu," akasema, akalitupia kuku.

Jirani yake Penda alicheka mpaka akashika ukuta. Penda alikuwa Mfulani, wa kabila la wafugaji, Bibi Tening alikuwa Mserere, wa kabila la wakulima, na Waserere na Wafulani ni watani. Penda pia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unamwambia asogee aote moto.

Mvua zilikuwa zinaishia. Karanga shambani zilikuwa bado changa, na kila nyumba iling'oa kidogo za kuonja. Bibi Tening alibandika sufuria. Mjukuu wake Yande, mtoto wa miaka mitano, alichuchumaa karibu na moto.

"Mtani, huyo asile," alisema Penda. "Kiangazi alikula za kukaanga, midomo ikavimba. Umesahau?"

"Unataka fungu lake. Nyie mkikosa maziwa mnageukia karanga za watu."

"Fungu lake nitakula, na lako pia. Lakini leo sitanii."

"Mfulani asiyetania ni mgonjwa. Nenda zahanati."

Penda akaitwa kwa mgonjwa, akaondoka. Bibi Tening alibaki akiwaza. Mtoto alikuwa anameza mate. Zile za kiangazi zilikuwa zimekomaa. Hizi changa ni maji matupu. Hata kama zina ubaya, ubaya wenyewe haujaota meno. Akampa punje chache, na kikombe cha maji zilimochemkia, yenye chumvi tamu.

Kikombe hakijaisha, Yande akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Kisha akakohoa, na pumzi ikaanza kupiga filimbi kifuani.

Bibi Tening alimwita Penda kwa sauti isiyo na utani wowote.

Penda alikuja mbio, akasimamisha mkokoteni wa farasi uliokuwa ukipita, wakapanda na mtoto. Njia nzima hakumlaumu mtu. Hilo lilimtisha Bibi Tening zaidi: mtani amenyamaza. Kule zahanati, muuguzi alimchoma Yande sindano haraka, akakaa naye mpaka pumzi ikarudi. Wakalala hukohuko.

Waliporudi nyumbani, Bibi Tening alikaa kizingitini.

"Zilikuwa changa," alisema. "Na nilizichemsha."

Penda akaenda shambani, akarudi na shina moja la karanga. Akavunja ganda dogo, kisha la kati, kisha kubwa. Akazipanga punje kiganjani.

"Punje ni mtoto wa mmea, mtani. Siku moja ataota peke yake, mama hayupo. Kwa hiyo mama anamfungia chakula cha njiani: mafuta, na protini, zile zinazojenga mwili. Sisi tunakula masurufu ya mtoto wa wenyewe."

"Kumbe sisi ni wezi."

"Nyie Waserere, ndiyo. Sasa, baadhi ya protini hizo mwili wa Yande unazidhani ni adui. Unapigana nazo, ndipo anavimba na kubanwa pumzi. Huo unaitwa mzio. Na mama hangoji mtoto akomae ndipo afunge mzigo. Anaanza punje ikiwa ndogo hivi, anaongeza kadiri inavyokua. Changa inazo kidogo, iliyokomaa inazo nyingi. Lakini kwa Yande, hata kidogo kinaweza kumuua."

"Na moto?"

"Moto hauzimalizi. Ukichemsha, nyingine zinahamia kwenye maji."

Bibi Tening akakumbuka kile kikombe. Akajifunika uso kwa upande wa kitambaa chake.

"Basi niling'oe shamba zima?"

"Ya nini? Karanga si sumu. Wewe umezila tangu utoto, na ona ulivyonona. Ni Yande tu asile, wala zisimguse."

Tangu siku hiyo Yande akawa na sufuria yake, mwiko wake na bakuli lake jekundu. Uwele wake ulipikwa kwa kunde na samaki, na ulipikwa kwanza, kabla mchuzi wa karanga haujabandikwa. Karanga za kutafuna zililiwa shambani, si uani. Aliyezila alinawa mikono na mdomo kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mtoto. Wakati wa kupura, Yande alishinda kwa Penda, mbali na vumbi, akinywa maziwa. Na kila mgeni aliyemkunjulia kiganja chenye karanga alijibiwa, "Ahsante, mimi karanga zinanikataa."

Mavuno yakaja, yakaisha. Yande hakuvimba tena, na mashavu yakajaa. Bibi Tening alitangaza kisimani kwamba habari ya masurufu aliigundua yeye.

Siku moja alikuta lundo lake la karanga, lililokuwa bado shambani, limepungua. Maganda yalikuwa yamedondoka njiani, mojamoja, mpaka karibu na ua. Penda alikuwa amesimama hapo, anatazama mawingu.

"Mtani, nani kala karanga zangu?"

"Nitajuaje? Labda panya."

"Wewe hukuonja?"

"Hata punje. Tumbo langu ni la maziwa."

Yande akamwona Penda. Akamkimbilia, mikono ameitanua, kama kila siku. Penda akaruka nyuma, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Ngoja, mwanangu, usinishike. Sijanawa."

Bibi Tening akaingia ndani polepole, akamletea sabuni.