Hesabu za Kukalia Mikono

Kila jioni, cherehani ikinyamaza, shughuli nyingine ilianza pale mezani.

"Kalia mikono," mama fundi alimwambia binti yake. "Haya, tano toa mbili?"

Mtoto alikalia mikono, akainama. Alikuwa na miaka sita. Nyumbani wazazi na kaka yake walimwita Chiriku, maana kuongea kwake hakukuwa na kituo. Lakini tangu baba yake afariki na hesabu hizi zianze, maneno yalimkauka.

"Kwani nimekuuliza kitu gani kigumu? Utarudia darasa, shauri yako!"

Chozi likadondoka. Mama naye roho ilimuuma, ila hakujua afanyeje. Hesabu zilikuwa kazi ya marehemu.

Jirani yao, mwalimu wa chekechea, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua gauni lake.

"Mama Chiriku, mbona mtoto anakalia mikono?"

"Anahesabu kwa vidole kama mtoto mchanga, mwalimu. Wenzake watamcheka."

"Si mtoto huyu? Kwa umri wake anaelewa anachokishika. Ukimnyima vidole, anabaki kubahatisha." Akamgeukia Chiriku. "Nani alikufundisha vidole?"

"Baba," mtoto alijibu kwa sauti ndogo. "Vyangu vikiisha, ananipa vyake."

Mama fundi akaitoa mikono ya mtoto chini ya mapaja.

Mwalimu akaingia, akavuta kopo la vifungo lililokuwa mezani. "Weka vitano. Ondoa viwili. Haya, hesabu vilivyobaki."

"Vitatu!"

"Umeona, jirani? Cheza naye hivi kila siku, muda mfupi tu. Akikosea usimgombeze, hesabuni tena pamoja. Na humu ndani hesabu zimejaa tele: vijiko, nguo, sahani."

Kuanzia hapo mama aliacha kumwambia akalie mikono. Haikuwa rahisi. Siku nyingine uchovu ulimpandisha hasira, akajikaza, wakaanza upya. Taratibu mtoto akashika, na shuleni wakasema hatarudia darasa.

Jioni moja mama alipanga sahani nne mezani bila kuwaza. Chiriku akamtazama kaka yake, akamtazama mama, akahesabu kwa vidole.

"Mama, tulikuwa wanne. Baba ametoka. Tumebaki watatu."

Alikuwa amepata. Mama aliirudisha sahani moja kabatini, akaketi, akalia mbele ya wanawe kwa mara ya kwanza tangu msiba. Chiriku akasogea, akamfuta machozi kwa mikono yote miwili.